Gari lilipimwa moshi Japani, je, Kigoma?

Daladala zikipanda kutoka stesheni ya Kigoma kuelekea Mwanga, zitazame kwa nyuma. Moja hupita bila kuacha kitu. Nyingine humfunika bodaboda aliye nyuma yake kwa moshi mweusi hadi afumbe macho. Huenda zote mbili zilitoka Japani, na kule zote zilishapimwa moshi.

Wanaoagiza magari hutuuliza mara kwa mara: kama lilifaulu kule, si limeshafaulu? Hapana. Kipimo hueleza hali ya gari siku ile, kwa kiwango cha nchi ile.

Japani, gari dogo la binafsi hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ujerumani ni hivyo hivyo. Uingereza nao huanza mwaka wa 3, lakini baada ya hapo ni kila mwaka. Marekani sheria hubadilika hata ndani ya nchi moja. California magari mengi hupimwa kila baada ya miaka 2, ila ya petroli ya mwaka 1975 kurudi nyuma yamesamehewa. Colorado hudai kipimo Denver na maeneo ya jirani, si jimbo zima. Florida iliacha kabisa mwaka 2000.

Tofauti hizo zina sababu. Los Angeles, jiji la California, ina milima upande wa bara inayozuia hewa kutoka, na jua lake kali hugeuza gesi za magari kuwa ozoni inayochoma mapafu. Penye hewa nzito, sheria hukaza; kwenye mashamba yenye upepo na magari machache, hulegeza.

Umri wa gari nao huhesabiwa. Uingereza, gari la petroli la miaka ya karibuni lenye masega, yaani kisanduku cha kusafisha gesi kwenye bomba la moshi, kwa kawaida lisizidishe asilimia 0.2 ya kaboni monoksaidi injini ikizungushwa kwa kasi. Lililotengenezwa miaka ya mwisho ya 1980, lisilo na masega, huvumiliwa hadi asilimia 3.5 injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaletwa na masega.

Hapo ndipo ninapoumia. Ndani ya kisanduku hicho cha chuma kuna vitundu kama sega la nyuki vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Gesi yenye sumu ikipita humo hugeuka kuwa hewa ya ukaa, naitrojeni na mvuke wa maji. Madini hayo ni ghali, kwa hiyo masega hung'olewa na kuuzwa, na mwenye gari huambiwa gari litakuwa jepesi. Kumbe mtoto anayetembea pembeni ya barabara ya Ujiji ndiye anayebaki na sumu ile.

Tanzania tunazo Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007. Lakini barabarani, gari hukutana zaidi na jicho la askari kuliko mashine ya kupimia. Jicho huona moshi mweusi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na gari lililotolewa masega linaweza kupita mbele ya askari likionekana safi kabisa.

Moshi wenye rangi angalau husema. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa: anza na chujio la hewa, kisha nozeli. Wa bluu ni oili inayoungua, mara nyingi ringi zimechoka. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto unaashiria maji yanaingia kwenye silinda. Kagua gasketi ya silinda hedi kabla injini haijafa.

Na kabla ya kulipia gari, iwe Kigoma au Tabora, mwambie fundi aingie chini injini ikiwa ya baridi. Agonge kisanduku cha masega polepole kwa nyundo ya mpira. Kikitoa mlio wa vipande vinavyocheza, masega yamevunjika. Akiona alama mpya za kuchomelea, aulize kilichotolewa humo.