Njia Nyeupe, Hewa Chafu

Lawama ya kwamba sisi waongozaji ndege tunawachelewesha watu bure imerudi tena. Safari hii ni video fupi kwenye grupu la ukoo: shemeji yangu yuko ndani ya Cessna Caravan, kindege kidogo cha abiria, pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ninapofanyia kazi, anaelekea Serengeti, amerekodi dirishani njia ya kurukia iliyo wazi mwanzo hadi mwisho. Chini kaandika: "Njia nyeupe pee, sisi tumeganda tu. Mnarani watu wanakunywa chai." Wakacheka wote. Hakuna aliyenitetea, hata mke wangu.

Shem, chai tunakunywa. Ila hukuwa unasubiri chai.

Sababu za kumshikilia rubani wakati njia iko wazi ni nyingi, na nyingine hazina utamu wa kusimulia. Kuna ndege iko fainali inakuja kutua. Kuna iliyopaa kutoka Kisongo, uwanja wa Arusha, inakuja upande wetu na bado haijafika kimo ilichopewa. Kuna ndege wenye manyoya. Kuna gari la ukaguzi limeshatoka njiani lakini dereva hajathibitisha redioni, na kwangu mimi gari ambalo halijathibitisha bado liko njiani, hata kama naliona limeegeshwa nyasini. Haya watu wakielezwa wanaelewa. Wasiloelewa, na ndilo lililomshika shemeji, ni ile Boeing 787, jeti kubwa, iliyoondoka mbele yake.

Bawa linalobeba ndege huacha nyuma yake mizunguko miwili ya hewa, mmoja kwa kila ncha. Mnarani tunaiita weki. Inaanza pua inaponyanyuka, sio kabla. Ndege ikiwa nzito na mwendo ukiwa mdogo, weki inakuwa na nguvu zaidi, na ndege inayoanza kupaa imebeba mafuta yote ya safari huku mwendo wake bado mdogo. Bodaboda yeyote wa barabara ya Moshi–Arusha aliyewahi kupitwa na basi anajua upepo ule unavyomyumbisha. Tofauti ni kwamba upepo wa basi unaondoka na basi. Huu unabaki, unashuka taratibu, futi 300 hadi 500 kwa dakika, na hauonekani kwa macho wala kwenye rada yangu.

Hapo wajuaji hunijibu: "Lakini Caravan inanyanyuka mapema, na njia ya KIA ina mita 3,600. Itakuwa juu kabla ya kufika pale jeti iliponyanyukia." Kweli, na marubani wanafundishwa hivyo. Shida inakuja baadaye. Jeti inapanda kwa mwinuko mkali, Caravan inapanda kwa uwezo wake. Punde Caravan inajikuta chini ya njia aliyopita mkubwa, na weki inashuka juu yake. Mabawa yake yana upana wa mita 16 hivi, ya 787 yana 60. Ikiingia katikati ya mzunguko ule inalazwa ubavu, na rubani anaweza kukata usukani mpaka mwisho bila ndege kurudi sawa. Ukiwa futi 10,000 una nafasi ya kujikusanya. Ukiwa futi 300 huna.

Na tafadhali msinitumie tena ile ajali ya New York ya Novemba 2001 kama ushahidi kwamba weki inavunja ndege. Airbus ile ilipita kweli kwenye weki ya Boeing 747, lakini wachunguzi wa Marekani walikuta mkia ulikatika kwa sababu rubani msaidizi alikanyaga pedeli za usukani wa mkia kupita kiasi, huku na huku. Watu 265 walikufa. Ni somo jingine kabisa.

Kanuni inasema ndege nyepesi nyuma ya nzito ingoje dakika mbili. Ikianzia katikati ya njia, dakika tatu, kwa kuwa sasa itanyanyukia mbele zaidi, palepale hewa ilipochafuka. Rubani anaomba aanzie katikati ili awahi, namwambia sawa, ongeza dakika. Kimya kidogo redioni, kisha anaomba aende mwanzo wa njia.

Kinachonikera zaidi ni upepo. Watu wanadhani upepo mkali ndio adui. Kwa weki ni kinyume chake: upepo mkali unaivuruga na kuipeleka mbali. Ikikaribia ardhi, mizunguko ile miwili inaachana, mmoja kushoto, mmoja kulia, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Sasa ukivuma upepo hafifu wa ubavuni, kilomita tano kwa saa tu, mzunguko mmoja unasukumwa haraka nje ya njia na ule mwingine unazuiwa usiondoke. Unakaa juu ya lami. Asubuhi soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo, ikiwa imelala, abiria wanapiga picha Kilimanjaro, wanasema hali ya hewa leo safi, na mimi ndipo nasogeza kiti karibu na kioo.

Na bado dakika ni mbili zilezile. Siku ya upepo nina hakika nimeshawahi kushikilia watu bure. Siku ya utulivu sina hakika kwamba mbili zinatosha. Nampa mbili, namtahadharisha, kisha namfuata kwa macho mpaka apite.

Makundi yenyewe ya ndege nzito na nyepesi yanapangwa kwa uzito wa juu ulioko kwenye cheti, sio uzito wa leo. Tani 136 kwenda juu ni nzito, tani 7 kushuka ni nyepesi, na hapo katikati wamerundikwa pamoja ATR 72, ndege ya mapangaboi, ya tani 23 na Boeing 737 ya tani zaidi ya 70. Caravan nyuma ya ATR, dakika mbili. Caravan nyuma ya 787 ya tani zaidi ya 200, dakika mbili. Mwalimu wetu chuoni alipofika hapo alifuta ubao haraka. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilileta makundi saba yanayotazama pia upana wa mabawa. Ni afadhali, ila hata humo hakuna kundi la upepo wa leo.

Lalamiko jingine: "Mbona ATR iliyokuja nyuma yetu mmeipitisha kwanza? Wakubwa wanabebwa." Mbele yenu ilikuwa 737. ATR na 737 ni kundi moja, hakuna dakika za weki kati yao, kwa hiyo inaweza kuondoka wewe ukiwa bado unahesabu. Ikishaondoka, saa yako inaanza upya, safari hii kwa ajili yake. Ikitokea ATR ya pili kanuni hainizuii kuipitisha nayo. Lakini rubani aliyeambiwa "subiri" mara tatu anaanza kukimbiza ukaguzi wake wa kabla ya kupaa, na hilo halina saa ya kulipimia. Mara nyingi naizuia ATR, nasikiliza lawama zao.