Asilimia Nane, na Bado Umeiba

Nje ya geti la chuo kimoja ninachokifahamu kuna steshenari yenye bango la karatasi ukutani: "Tunachapa. Tunatoa kopi. Tunabaindi. Tunashusha asilimia." Mgeni atapita bila kuelewa hilo la mwisho. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu haulizi. Ni asilimia za Turnitin, mfumo wa kompyuta ambao vyuo hukagulia kazi za wanafunzi, na kijana wa dukani, kwa shilingi elfu kadhaa, ataichezea ripoti yako ya utafiti mpaka namba iingie ndani ya kiwango cha idara.

Nimesahihisha kazi za wanafunzi kwa miaka kadhaa, na kila nikipita pale naona kwamba karibu upotofu wote kuhusu wizi wa kitaaluma umekaa kwenye bango lile. Swali lilikuwa: hili wazo ni la nani? Sasa limekuwa: imesoma ngapi? Na msidhani ni wanafunzi peke yao. Sisi walimu tumo.

"Namba ikiwa ndogo, kazi ni safi"

Turnitin, mfumo ulioasisiwa na watu wa Chuo Kikuu cha Berkeley, California, mwishoni mwa miaka ya 1990, hautafuti wizi. Unatafuta mfanano. Huchukua maneno yako na kuyalinganisha na kurasa za mtandaoni, majarida na kazi za wanafunzi ilizozihifadhi. Penye mfululizo wa maneno unaolingana, hupaka rangi. Kampuni yenyewe haidai zaidi ya hapo. Inasema wazi kwamba hukumu ni ya mwalimu.

Ndiyo maana asilimia 35 inaweza isiwe na kosa hata chembe. Jalada lenye jina la chuo, tamko la mtahiniwa, orodha ya marejeleo, vifungu vya sheria vilivyonukuliwa, hojaji iliyokwisha kutumiwa na waliotangulia: vyote hivyo hufanana kwa sababu vinatakiwa kufanana. Niliwahi kumkuta binti analia kwenye korido kwa ajili ya asilimia 38. Tulipoifungua ripoti yenyewe, zaidi ya nusu ya rangi ilikuwa kwenye marejeleo na hojaji. Msimamizi wake hakuwa ameifungua. Aliisoma namba, akamrudisha.

Upande wa pili, asilimia 8 inaweza kufunika wizi mzima. Chukua sura ya tasnifu ya Kiingereza, igeuze Kiswahili, iwasilishe. Mara nyingi mfumo utapita kimya, maana mfululizo wa maneno ni mpya. Anayeweza kushtuka ni msomaji, kwa sababu sentensi zinatembea kimombo, na "mwisho wa siku" inatokea mahali ambapo hakuna siku inayoisha.

Kuhusu mbinu za steshenari, ziko nyingi. Iliyo maarufu ni kuondoa herufi "a" ya kawaida na kuweka ya alfabeti ya Kirusi, ambayo kwa macho ni ileile. Nyingine ni kupenyeza herufi zenye rangi nyeupe katikati ya maneno. Siku hizi mfumo huweka alama kwenye vitu hivyo, na hapo utetezi unakuwa mgumu kuliko kama ungeacha kazi ilivyokuwa. Mtu aliyesahau kutaja chanzo tunaweza kuzungumza naye. Hakuna anayepaka herufi rangi nyeupe kwa kusahau.

"Nikibadili maneno, imekuwa yangu"

Hii ndiyo inayowaangusha wengi walio waaminifu kabisa, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha. Hebu tuseme kitabu kina sentensi hii: *Mwambao wa Afrika Mashariki uliunganishwa na Bara Arabu na India kwa pepo za msimu: kaskazi ikileta majahazi, kusi ikiyarudisha.*

Mwanafunzi anaandika: *Pwani ya Mashariki mwa Afrika iliungana na Uarabuni na Uhindi kupitia upepo wa majira: kaskazi ikiviingiza vyombo, kusi ikivirejesha.* Anaamini amefanya kazi. Amebadili nguo tu; mifupa, mpangilio, hata ile nukta pacha iko palepale. Bila kutaja kitabu, huu ni wizi. Akikitaja, si wizi tena, lakini ni uandishi dhaifu.

Kueleza kwa maneno yako huanza kwa kufunga kitabu. Unajiuliza: nimeelewa nini, na ninakitaka kwa kazi gani? Labda hoja yako ni kuhusu muda ambao mabaharia walikaa bandarini wakisubiri upepo ugeuke, wakaoa, wakajifunza lugha. Basi unaandika: *Kwa kuwa safari ilitegemea kaskazi na kusi, mgeni hakuweza kuondoka siku aliyotaka, na huko kukaa kuliacha alama*, kisha unataja uliyemsoma kuhusu pepo. Sasa wazo la kukopa linaonekana, na lako linaonekana.

Wapo wanaoikabidhi kazi hii kwa programu za kubadili visawe. Mwaka 2021 watafiti Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionyesha kilichokuwa kikitokea kwenye majarida ya sayansi: makala za Kiingereza ambamo "akili bandia" ilikuwa imegeuka kitu kama "fahamu ya kughushi", na saratani ya matiti imekuwa "hatari ya kifuani". Waandishi wake walikuwa watu wazima, baadhi wenye vyeo.

"Kilichoko mtandaoni ni cha wote"

Kukisoma, ndiyo. Hata Wikipedia, ambayo watu hupenda kuitolea mfano, inaruhusu kunakiliwa kwa leseni inayodai utaje ulikotoa. Lakini hapa watu huchanganya mambo mawili: hakimiliki na uaminifu. Hakimiliki ni ya sheria na ina mwisho. Ikiisha muda, chapisha upendavyo. Uaminifu hauishi muda. Utendi wa Mwana Kupona una zaidi ya miaka 160 na hakuna atakayekushtaki kwa kuuchapisha. Ziweke beti zake kwenye tamrini kama ulizitunga wewe, na umeiba.

"Kutaja chanzo ni mambo ya Wazungu"

Na kwa kuwa tumemtaja Mwana Kupona, tukae naye kidogo, maana dhana hii nimeisikia hata kwa watu wenye shahada mbili: kwamba kwetu maarifa ni ya jamii nzima, hadithi haina mwenyewe, hivyo kumdai mwanafunzi wa Kiafrika marejeleo ni kumbebesha utamaduni wa watu.

Fungua mwisho wa utendi ule. Mama wa watu anajitambulisha kwa jina la baba yake, anasema alizaliwa Pate, anaweka mwaka, 1275 wa Hijra, kisha anahesabu beti. Anafunga mlango na kuutia kufuli. Washairi wengi wa mwambao walifanya vivyo hivyo. Tazama na takhmisi: mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akaitangulizia mitatu yake, ubeti ukatimia mitano, na kila anayeijua bahari hiyo ya ushairi anaona mpaka ulipo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipoyawekea takhmisi mashairi yanayonasibishwa na Liyongo, hakumfuta Liyongo. Umbo lenyewe ndilo lililobeba mtajo.

Na mtoto aliyekaa mkekani madrasa anajua isnadi kabla hajajua chuo kikuu ni nini: fulani kasikia kwa fulani, aliyesikia kwa fulani. Hadithi ya Mtume yenye mnyororo uliokatika hutiliwa shaka. Ukitaka kumweleza mwanafunzi wa Tanga au Lamu maana ya marejeleo, anzia hapo. Mitindo ya koma na mabano ndiyo iliyotoka nje, nayo inachosha, nakubali.

"Aliyeniandikia nimemlipa, karidhia"

Neno "wizi" linawapotosha hapa, kwa sababu wanamtafuta aliyeibiwa. Aliyedanganywa ni anayetoa cheti, na baada yake yule atakayekuajiri akidhani unajua ulichosaini.

Biashara hii tunaijua kwa pande mbili. Kuna ile ya nyumbani, ya ripoti za kuandikiwa, na kuna ile kubwa ya Kenya, ambako vijana wengi wenye shahada na wasio na ajira wamekuwa wakiandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani usiku kucha. Hilo huwa linanikaa kooni. Kijana wa Nairobi anasoma makala 20 za uuguzi kwa siku tatu na kuziandika vizuri. Shahada anachukua mwingine, na ukichapishwa utafiti kuhusu "kushuka kwa viwango" anayetajwa ni Afrika.

Australia ilipitisha sheria dhidi ya biashara hiyo mwaka 2020, Uingereza ikafuata kwa England mwaka 2022. Wengi hudhani sheria hizo zinamfunga mwanafunzi. Hapana, zinamlenga muuzaji na anayetangaza. Mwanafunzi huachwa kwa chuo chake. Lakini kuna jambo ambalo mnunuzi haambiwi siku ya kulipa: muuzaji anabaki na jina lako na ujumbe wako. Vyuo vya Australia na Uingereza vimekuwa vikionya kuhusu wateja wanaorudiwa baadaye: ongeza pesa, ama chuo chako kitajua.

"Akili mnemba haina mwenyewe, kwa hiyo sijaiba"

ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, vijana wa steshenari nadhani walipata hasara ya wiki chache. Hoja ya mwanafunzi ina mantiki yake: mashine haina jina la kuandika kwenye mabano. Lakini ukiweka jina lako juu ya kazi, unasema, "mimi nimefikiri haya." Kama hukufikiri, umesema uongo, hata kama hakuna aliyeporwa. Vyuo hutofautiana kuhusu kinachoruhusiwa. Kusahihisha tahajia au kufafanuliwa dhana, pengine ndiyo. Kuandikiwa sura, karibu kote hapana. Uliza kabla, kwa maandishi.

Kisha kuna hatari ya kimya. Mashine hizi hubuni vyanzo. Mwanafunzi aliniletea marejeleo yenye makala ya jarida ambalo toleo lake nilikuwa nalo kabatini. Nikalifungua, makala haimo. Mwandishi ni wa kweli, jarida ni la kweli, makala hewa. Asijione peke yake: Juni 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo hazijawahi kuwapo, ChatGPT iliwatungia pamoja na manukuu ya majaji.

"Na kuna mashine ya kumkamata"

Hii sasa ni dhana yetu walimu, na madhara yake nayaogopa kuliko yote niliyokwisha kuyataja. Walioitengeneza ChatGPT, OpenAI, walitoa kitambuzi chao cha maandishi ya mashine Januari 2023, wakakiondoa Julai mwaka huohuo kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Wao wenyewe! Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivipa vitambuzi saba insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na binadamu ambao Kiingereza si lugha yao. Kwa wastani, insha 61 katika kila 100 zilihukumiwa kuwa za mashine. Insha za watoto wa shule wa Kimarekani zilipita karibu zote.

Sababu si uchawi. Vitambuzi hivi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Anayeandika kwa lugha ya tatu hutumia msamiati mchache alio na uhakika nao, na sentensi za mpangilio ule aliofundishwa. Kwa kipimo hicho anafanana na kompyuta. Mtoto aliyeanza na Kisukuma au Kikamba, akaenda Kiswahili, ndipo akafika Kiingereza, ndiye wa kwanza kunaswa. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilikizima kitambuzi cha Turnitin Agosti 2023. Kwetu bado kuna mwalimu anayempa mtu sifuri kwa picha ya skrini.

Mimi hufanya jambo la kizamani. Namwita, namkaribisha kiti, namuuliza: sampuli yako kwa nini 120 na si 60? Uliyemtaja ukurasa wa 14 anasema nini? Aliyeandika mwenyewe huweza kukosea, akababaika, lakini atakuwa na cha kusema, hata kulalamikia njia za vijijini wakati wa kukusanya data. Dakika 10 zinatosha. Zikiwa kazi 200 hazitoshi, na hapo ndipo namba inapopata wateja.

"Nikishahitimu, yamekwisha"

Karl-Theodor zu Guttenberg alipata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, mwaka 2007. Mwaka 2011, akiwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani, watu waliigawana tasnifu yake mtandaoni ukurasa kwa ukurasa, wakakuta maneno ya wengine kwenye zaidi ya asilimia 90 ya kurasa. Udaktari ukafutwa Februari, uwaziri ukaondoka tarehe 1 Machi. Pál Schmitt, bingwa wa Olimpiki wa mchezo wa vitara na rais wa Hungary, alifutiwa mwaka 2012 udaktari alioupata kwa tasnifu ya 1992, akajiuzulu siku chache baadaye. Tasnifu ilikuwa na miaka 20, na sehemu kubwa yake ilikuwa tafsiri kutoka Kifaransa ya kazi ya mtafiti wa Bulgaria. Rudi kwenye ile asilimia 8.

"Siwezi kujiibia mwenyewe"

Ukiwasilisha tamrini moja kwenye kozi mbili, tatizo ni kwamba utakuwa umelipwa maksi mara mbili kwa jasho la mara moja. Kama mada zako mbili zinagusana, njoo useme kabla ya tarehe ya kukusanya. Wengi wetu tutakuambia endelea, ila uandike chini kipi kilitoka wapi.