Mbegu za Saladi Si Feki, Udongo Ndio Una Joto

Wiki hii nimeletewa tena pakiti iliyofunguliwa, na maneno ni yale yale: "Bwana shamba, hizi mbegu feki, hazijaota." Nikauliza zilisiwa wapi. Kwenye ndoo nyeusi, juu ya sakafu ya saruji, upande wa nyumba unaopigwa na jua la alasiri. Dar es Salaam, mwezi wa pili!

Jamani, mbegu hiyo haijafa, imelala. Saladi hupenda kuota udongo ukiwa na nyuzijoto 15 hadi 20. Joto likikaribia 30, aina nyingi hugoma hata ukimwagilia kutwa. Mbegu inajikinga, maana mche ukitoka wakati huo utakauka. Shika ubavu wa ndoo nyeusi saa nane mchana, kisha uniambie kama wewe ungetoka.

Kwa hiyo zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uziweke kwenye friji (siyo friza) siku mbili au tatu, halafu sia jioni, kivulini. Na msizifukie kama mahindi! Mbegu nyingi za saladi huota zikiona mwanga. Nyunyiza juu ya udongo uliolowa, kandamiza kwa kiganja, pitishia vumbi la udongo tu.

Chombo kisiwaumize kichwa. Dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni, matundu chini, udongo na samadi iliyooza, kina cha sentimita 15. Miche ipate jua la asubuhi, ikifika saa tano iwe kivulini.

Ikishaota, lalamiko la pili ni uchungu. Vunja jani la mmea ulioanza kurefuka, utaona utomvu mweupe. Uchungu umo humo. Joto limeuharakisha mmea kutoa maua, na hakuna mbolea ya kuurudisha nyuma. Chuma majani ya nje mapema, na uchague saladi ya majani. Ya kufunga kichwa kama kabichi tuwaachie Lushoto, milimani kwenye baridi.

Vitabu hutaja nyuzijoto utadhani ni mpaka uliopimwa na kuwekewa bikoni. Kitaluni kwangu, pakiti moja hutoa miche mingine upesi, mingine huchelewa, mingine haiji kabisa. Friji inasaidia, haikupi uhakika. Mbegu feki zipo, na zilizozeeka dukani ni nyingi zaidi. Lakini kabla hujagombana na muuzaji, chukua mbegu kumi, zitoe kwenye friji uziache ndani ya kitambaa hicho kibichi karibu na mtungi wa maji, mahali pa baridi. Zikichipua saba au nane, hamisha ndoo.