Emote: kitendo kinachoandikwa tu

Wazazi wa Unguja na Pemba wamekuwa wakituletea simu za watoto wao na kutuonesha mstari mmoja: "*anamkumbatia*". Wengine huwa wameshapita kwa sheha kabla ya kumuuliza mtoto mwenyewe. Hofu yao tunaielewa.

Mstari huo ni emote, kitendo kinachofanyika kwa maandishi peke yake. Si emoji, na hili tumelisema hadi tumechoka. Emoji ni neno la Kijapani, e ni picha na moji ni herufi, na kufanana kwake na emote ni sadfa tu. Emote ni kitenzi cha Kiingereza cha mwanzoni mwa karne ya 20, kilichokatwa kutoka neno emotion ili kumkejeli muigizaji anayezidisha hisia jukwaani.

Kwenye kompyuta kiliingia kupitia MUD, michezo ya wachezaji wengi isiyo na picha hata moja. Wa kwanza uliandikwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kisha Richard Bartle akauendeleza. Kila kitu ni maneno, basi hata kucheka au kuinuka kitini lazima kuandikwe. Michezo iliyofuata ikawekewa amri ya emote. TinyMUD ya 1989 ilitosheka na alama ya nukta mbili. Kwenye IRC, mfumo wa kuzungumza kwa maandishi mtandaoni uliobuniwa Finland mwaka 1988 na Jarkko Oikarinen, amri ni /me. Juma akiandika "/me anakaa barazani", wenzake husoma "* Juma anakaa barazani". Ndiyo maana mtoto huandika "anamkumbatia" badala ya "nakukumbatia": anajitaja mwenyewe, hasimulii alichokiona pahala. Wachezaji wa Free Fire nao huita emote ile miondoko ya dansi.

Hata hivyo, alama za nyota (*) hazimkingi mtu na sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Zanzibar pia, isipokuwa kifungu cha 50. Kwa kifungu cha 23, anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumbughudhi mwenziwe hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Nia huamuliwa na mahkama, si na ofisi yetu wala kikundi cha WhatsApp cha mtaa.

Mwenye malalamiko asifute ujumbe wala asiusambaze. Aende kituo cha polisi na simu yenyewe; picha ya skrini iliyokatwa namba na tarehe haisaidii kitu. Simu iwe na chaji, na mtoto awepo, maana nenosiri analijua yeye.