Je, wajua kwa nini kona ya digrii 90 ya plastiki yenye nyuzi hutoka kwenye kalibu ikiwa 89?

Seremala anayechonga milango ya Mji Mkongwe haamini ubao mbichi. Ukikauka hunywea: kwa urefu kidogo mno, kwa upana sana, na mlango hupinda. Plastiki yenye nyuzi ina tabia hiyohiyo.

Sisemi faiba ya boti tunazoziona Nungwi. Gundi yake ikishakauka haiyeyuki tena. Nasema ile ambayo plastiki yake, kama polipropilini, hulainika kwa moto, ikashindiliwa kwenye kalibu pamoja na nyuzi za kioo, kisha ikapoa. Hutengenezewa vipuri vya magari.

Chukua mikeka mitatu ya Pemba, ipandanishe, uikunje kwenye ukingo wa meza. Miyaa haivutiki, kwa hiyo mkeka wa juu na wa chini kila mmoja hubaki na urefu wake. Sasa ibane unene wake upungue. Tao la nje lina urefu uleule, la ndani vilevile, ila nafasi kati yao imepungua. Matao hayo hayawezi kupatana mpaka kona ijifunge zaidi. Mimi hapa ndipo nilipoelewa, na hadi leo napenda kuirudia kwa mikono.

Nyuzi ndiyo miyaa: huzuia plastiki isinywee kwa urefu, lakini kwenye unene hazina la kuzuia. Tuseme tofauti ya kunywea ni sehemu 80 katika milioni kwa kila digrii ya joto, na kipande kimepoa kwa digrii 130. Zidisha kwa 90: kona imejifunga karibu digrii 1. Ubawa wa sentimita 20 umeshakwenda kombo zaidi ya milimita 3. Tundu la skrubu halikutani na mwenzake. Plastiki ikiganda na kufanya fuwele, yaani chembe zake zikajipanga kwa safu, hunywea zaidi ya hapo.

Kompyuta hukigawa kipande kuwa vijisehemu maelfu, ikafuata kila kimoja: kina joto gani, kinaganda lini, kinamvuta jirani kwa nguvu gani. Kisha "hukitoa" kwenye kalibu na kuonyesha kilivyopinda. Fundi huchonga chuma cha kalibu kwa digrii 91 ili apate 90.

Kazi ngumu ni kuilisha vipimo vya kweli. Upande mmoja wa kalibu ukiwa wa moto kuliko mwingine, hata bapa lisilo na kona hubenuka, na kompyuta isipoambiwa hilo italichora limenyooka.