Kwa nini githeri inachelewa kuiva Nairobi: presha ya hewa na maji kuchemka

Kuna swali moja la fizikia nikiwapa wanafunzi wangu hapa Nairobi najua wengi watateleza. Kwa nini githeri (mahindi na maharagwe) inachukua muda mrefu kuiva huku kuliko Mombasa, sufuria ni ile ile na moto ni ule ule? Jibu linalokuja mbio ni ati Nairobi kuna baridi. Sio hivyo. Baridi itachelewesha maji kidogo kuanza kuchemka, basi, yakishachemka shida ni nyingine kabisa, shida ni presha ya hewa.

Presha ni kani ukigawanya kwa eneo inalokandamiza, kizio chake ni paskali, yaani nyutoni moja kwa mita moja ya mraba. Hiyo kila mtu anaikariri. Wanapokwama ni pale nasema hewa nayo ina uzito, na sio mdogo. Chukua meza ya mita moja kwa mita moja uiweke ufuoni Mombasa, hewa yote iliyo juu yake mpaka mwisho wa anga inailemea kama mzigo wa tani 10 hivi. Sasa ilete Nairobi. Huku tuko mita 1,700 na kitu juu ya bahari kwa hivyo kuna hewa tumeiacha chini yetu, iliyobaki juu ni kama tani 8 na nusu. Na meza haivunjiki kwa sababu hewa iliyo chini yake nayo inasukuma kwenda juu, presha ya hewa inasukuma pande zote, hili lishikeni sana. Kwa vipimo vya darasani ni kilopaskali 101 kule pwani na karibu 83 huku kwetu.

Huyo Pascal mwenye kizio alikuwa Mfaransa, na mwaka 1648 alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme kule Ufaransa na mrija wa zebaki, ambao zebaki yake hushuka presha ya hewa ikipungua. Kule juu zebaki ikashuka karibu sentimita 8, na mrija mwingine ulioachwa chini mlimani ukikaguliwa siku nzima haukubadilika. Napenda sana jaribio hili, halina hesabu ngumu na linamaliza ubishi. Kilele cha mlima huo kiko mita 1,465, yaani sisi Nairobi tunaishi juu zaidi ya pale alipofika Périer.

Turudi kwa sufuria. Angalia maji yakipata moto. Vipovu vidogo vya kwanza vinavyoshika kuta za sufuria ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, huko bado sio kuchemka. Baadaye vinatoka vya mvuke pale chini, vinapanda kidogo, vinakutana na maji ambayo hayajapata moto sawasawa na vinafinywa vinapotea, ile kelele ya birika kabla ya kuchemka ndiyo hiyo. Halafu inafika wakati presha ya mvuke ndani ya kipovu inatoshana na ile inayokibana kutoka nje, kipovu kinapanda mpaka juu na kupasuka. Hapo ndio maji yamechemka. Kwa hivyo hewa ikikandamiza kidogo, mvuke hauhitaji joto jingi kushindana nayo: Mombasa ni digrii 100, Nairobi ni kama 94, na ukibeba jiko mpaka Point Lenana kule Mlima Kenya ni kama 84 tu. Githeri yako inaivia kwa digrii 94, lazima ichelewe.

Na hapa nawaomba hata wazazi wasome: kuongeza moto maji yakiwa tayari yanatokota hakuongezi joto la maji hata digrii moja. Ile nishati yote inaenda kutenganisha molekuli ziwe mvuke, na hiyo ni kazi kubwa, kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula nishati karibu mara 7 ya ile iliyoyatoa kwa digrii 20 mpaka 94. Gesi inaisha, maji yanakauka, maharagwe bado ni mawe. Punguza moto, funika. Ama tumia presha kuka, inazuia mvuke kutoka, presha ndani inapanda na maji yanafika digrii 115 na zaidi kabla ya kuchemka.

Anayetaka kuona kwa macho achukue sirinji isiyo na sindano, avute maji ya moto kiasi (yasiwe ya kuunguza), atoe hewa yote, azibe mdomo kwa kidole halafu avute ile pampu kwa nguvu. Maji yatatoa mapovu hapo hapo bila moto. Ya kwanza kwanza ni ile hewa iliyoyeyuka, kwa hivyo itoe urudie, yanayoendelea ni mvuke. Ukiachilia yananyamaza.

Kwenye mtihani andika hatua zote tatu kwa mpangilio: presha ya hewa iko chini, maji yanachemka kwa joto la chini, chakula kinapikwa kwa joto la chini. Wengi wanaruka ile ya katikati na ndiyo yenye maksi.