Kanoni ya spidi tofauti ni kitu gani? Tuiangalie Cantus ya Arvo Pärt

Kanoni ya kawaida wengi mnaijua hata kama hamjui jina lake, ile ya shuleni kundi moja linaanza wimbo, la pili linadakia baadae kidogo na wimbo uleule, wote mwendo mmoja. Sasa kuna aina nyingine, kila sauti inapiga wimbo uleule ila kwa spidi yake, hii inakimbia ile inajikokota, na mfano rahisi kuuelewa kwa maoni yangu ni Cantus in Memoriam Benjamin Britten, yaani wimbo wa kumkumbuka Benjamin Britten.

Aliyeitunga ni Arvo Pärt wa Estonia, mwaka 1977, nchi bado iko ndani ya Usovieti. Britten, mtunzi wa Uingereza, alifariki Desemba 1976, na Pärt alikuwa anatamani sana waonane, ndo ikawa basi tena. Ala ni za nyuzi tu, fidla za kwanza, fidla za pili, viola, chelo na dablibesi, halafu kengele moja.

Wimbo wenyewe utacheka, ni skeli ya maina (ngazi ya noti yenye ladha ya huzuni) inashuka. Kwa watu wa kwaya ni la so fa mi re do ti la, basi, ila haishuki yote kwa mkupuo: inapiga la, inaanza upya la-so, inaanza upya la-so-fa, la-so-fa-mi, kila raundi inaongezeka noti moja. Fidla za kwanza zinaanza kwenye noti za juu kabisa ila kimyakimya mno, fidla za pili zinafuata oktava moja chini (noti zilezile, ngazi nzima chini yake) kwa nusu ya spidi, viola nusu ya hapo, chelo nusu tena, mpaka unafika kwenye dablibesi ambayo noti yake moja ni ndefu mara 16 ya noti ileile kwenye fidla za kwanza. Kila kundi likifika mwisho wake linang'ang'ania noti hiyohiyo kuwasubiri wengine, na okestra nzima inazidi kupaza, ndo maana ule mwisho unakuwa mzito kiasi kile wakati hamna hata noti moja ngumu.

Halafu makundi yote isipokuwa viola yamegawanywa, nusu wanashuka na skeli, nusu wanazunguka kwenye la do mi tu. Hiyo ndo staili yake anayoiita tintinabuli.

Na kengele inagongwa mara ya mwisho taratibu nyuzi zikiwa zinaunguruma, hutaisikia kabisa, mpaka nyuzi zikate ghafla ndo unagundua kumbe inalia, na ndani ya mlio wake kuna dalili ya meja (ile yenye ladha ya furaha) baada ya maina muda wote ule, ujanja mtupu.

Ukitaka kuisikiliza ni kama dakika sita au saba hivi, ila tafadhali vaa hedifoni, spika ya simu inameza dablibesi na hapo kanoni yenyewe umeikosa nusu.